Hodi Ukutani

Taa ya modemu imetulia, kijani, haipepesi.
Maana yake waya wa shaba ni mzima
tangu nguzo ya simu iliyoinamia zizi la jirani
hadi tundu lililo nyuma ya kabati la vyombo.
Maana yake kosa si la kampuni, wala la mvua
hii ya Asturia, nyembamba, inayonyesha bila kunyesha
tangu Jumanne.
Kosa limo humu ndani, pamoja nasi.

Nimefuta mfumo wa kulipia, nimeweka ule huria,
wa watu nisiowajua, walioandika bure usiku wa manane
na kuacha maelezo kana kwamba msomaji
hana njaa wala usingizi.
Dada yangu Telva alicheka: "Umevua viatu ili upande mlima."
Telva yuko Punta Arenas, anafungasha kaa kiwandani.
Jumapili saa tatu usiku anataka kuuona uso wa baba.
Leo ni Jumapili. Saa moja na robo.

Natoa amri. Dirisha jeusi linajibu kwa herufi nyeupe,
bila picha, bila pole.
Kumbe muunganisho huanza kama ugeni wowote:
mashine husimama nje, humwita yeyote aliye upande wa pili,
hungoja aitikiwe.
Hodi. Sekunde tano.
Hodi. Kumi.
Hodi. Ishirini.
Kisha mstari mmoja: muda umekwisha, hakuna aliyejibu.

Nikakagua neno la siri, herufi kwa herufi.
Nikabadili kichujio cha simu.
Nikazima modemu, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.
Nikaitupia mashine tusi ambalo marehemu mama
hakuliruhusu mezani.
Hodi. Hodi. Hodi.

Baba alikuwa akimenya kitunguu saumu.
Miaka ishirini na sita alichimba makaa;
macho yake yalibaki chini huko, huku juu huona vivuli.
"Nani anabisha?"
"Kompyuta."
"Anabisha wapi?"
Sikumjibu. Kuna maswali tunayapuuza
kwa kuwa ni mepesi mno.
Akafuta vidole kwenye suruali, akapiga magoti,
akaushika waya pale modemu, akaufuata
kwa gumba na shahada, taratibu, chini ya meza,
kama walivyofuata kamba taa zilipozimika shimoni,
hadi mgongoni mwa mashine.
"Huku kuna matundu mawili. Huu umeingia la chini."

Matundu mawili. Kadi mbili za mtandao,
kadi sifuri na kadi moja,
na mfumo mpya ulipoamka ulizihesabu upya kwa akili yake:
ya kwanza ikawa ya pili.
Jioni nzima nimebisha ukutani.

Nikabadili tarakimu moja.
Hodi.
Karibu, kabla sijavuta pumzi,
kutoka mashine fulani huko Oviedo nisiyoijua sura.

Ingekuwa hadithi, ningeishia hapo.
Lakini kurasa ndogo zilifunguka, kubwa ziliganda nusu.
Barua zinapita, vifurushi vinakwama.
Nikasoma tena maelezo ya wale wasiolala:
kila pakiti imevishwa bahasha ya ziada, baiti nane tu,
na mlango haukupanuliwa kwa ajili ya bahasha.
Elfu moja mia tano, nikatoa nane.
Saa tatu na dakika nne.

Telva akaingia kwa vipande: kipaji, kofia ya kiwandani, meno.
Baba akakaa akiipa kamera kisogo,
sikio kwenye spika, kwa kuwa ndiko sauti ilikotoka.
"Baba, geuka."
"Nakusikia vizuri hivi hivi."
"Hilo kovu la buluu shingoni, sijawahi kuliona."
Akaligusa kwa vidole vinavyonuka kitunguu,
akaanza kumsimulia, mwaka gani, nguzo ipi ilivunjika, nani hakutoka.
Nimeishi naye miaka thelathini na minane.
Nilikuwa nikiandika kwenye karatasi, nisije nikasahau:
kadi moja. Elfu moja mia nne tisini na mbili.
Kalamu ikasimama.